Mianzi ya Uani: Kata Mikongwe, Acha Michanga

Katika nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji, kichaka cha mianzi kilianza kwa kipande kimoja. Mzee alipewa na rafiki, au mjomba alikuja nacho kutoka kijijini, akakichomeka pembeni mwa kiwanja ili mbuzi wasikatize na uani pawe na kivuli cha mchana. Hakuna aliyekimwagilia zaidi ya msimu wa kwanza. Mzee akatangulia mbele ya haki, watoto wakaenda kutafuta maisha Dar es Salaam na Mwanza, na kile kipande sasa ni msitu. Umeinamia bati la jirani, umekaribia waya wa umeme, umeziba njia ya chooni, na hakuna anayethubutu kuingia ndani yake kwa kuogopa nyoka.

Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kata 19, na sensa ya 2022 iliihesabia wakazi 232,388. Katika mji unaosongamana hivi, viwanja vilivyokuwa vipana zama za wazee vimegawanywa kwa warithi, vingine vimeuzwa nusu, vingine vimejengwa vyumba vya kupangisha. Pale palipokuwa na mihogo na michikichi sasa pana ukuta wa mtu mwingine. Mwanzi hauna habari na hati wala bikoni. Unatanuka kila masika hatua moja au mbili, mpaka siku moja jirani anagonga mlango na kusema majani yako yamejaza mfereji wake wa maji ya mvua. Ugomvi huanzia hapo, na maamuzi mabaya nayo huanzia hapo.

Uamuzi mbaya wa kwanza ni kiberiti. Majani makavu yaliyolundikana chini ya kichaka kwa miaka mingi hushika moto kwa dakika chache, na kwa kuwa kila pingili ya mwanzi ina hewa iliyofungiwa ndani, pingili hizo hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vyenye moto mbali. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, hiyo ni hatari kwa watu wasiohusika. Na baada ya hatari yote hiyo, kilichoungua ni cha juu tu. Shina la chini ya ardhi liko salama, na mvua ya kwanza ikinyesha litatoa machipukizi.

Wengine huchukua panga kwa hasira. Hufyeka kila kilichosimama, kibichi na kikavu, kwa urefu wa kifua, kisha huondoka. Mwaka unaofuata kichaka hurudi kikiwa kibaya zaidi: visiki vyenye ncha kali vimesimama kila mahali, na katikati yake vimeota vijiti vyembamba vilivyosokotana, ambavyo havifai hata kwa fito.

Wapo pia wanaonunua dawa ya kuua magugu na kuimimina shinani. Hili linaniumiza kuliko yote. Kigoma na Ujiji ni mji wa miteremko, na mteremko wote unaishia ziwani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, lakini mto unaotoa maji humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke juani, na mvuke haubebi sumu. Tunachokitiririsha ziwani hakina pa kwenda, na watu wanachota maji hapo, wanaoga hapo, na dagaa wanaokaangwa jioni katika kila mtaa wa mji huu wametoka hapo.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kichaka kinachomtisha mwenye nyumba kina shida moja kubwa: hakijavunwa. Mwanzi ni zao. Zao lisilovunwa huzeeka likiwa limesimama, hufa likiwa limesimama, na maiti zake huwabana walio hai. Hapa Kigoma hakuna mkulima anayeiacha migomba yake ijiotee ipendavyo. Anajua kila shina linatakiwa libaki na mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine yote yaondolewe, la sivyo mkungu utakuwa wa ndizi za vidole. Uani kwake huyohuyo anao mwanzi, ambao umbo lake chini ya ardhi linafanana sana na la mgomba, na haujaguswa tangu enzi za baba yake.

Mwanzi ni nyasi, ukoo mmoja na mahindi, mpunga na muwa. Unapochomoza ardhini unatoka na unene wake wote, ule utakaokuwa nao mpaka kufa. Hurefuka kwa kasi kubwa. Mianzi mikubwa ya Asia imewahi kupimwa ikipanda hadi sentimita 91 kwa siku moja. Baada ya miezi miwili hadi minne urefu umekwisha. Kuanzia hapo hauongezeki kitu kwa nje, bali unakomaa kwa ndani, nyuzi zake zikikaza mwaka hadi mwaka. Ukifika mwaka wa tatu au wa nne umeiva. Ukiachwa, baada ya miaka kadhaa zaidi utachakaa, utakauka na kubaki umesimama mahali palepale, ukizuia mwanga na kuchukua nafasi.

Machipukizi mapya hutokana na mashina ya chini yaliyobeba mianzi michanga, ya mwaka mmoja au miwili, na huelekea nje ya kichaka kila mwaka. Ndiyo maana kichaka kinamwendea jirani huku katikati kumejaa wafu. Mwenye nyumba anayekata ile iliyo rahisi kufikiwa, yaani ya pembezoni, anakata ile michanga inayozaa na kuiacha mikongwe ya katikati. Akifanya hivyo miaka mitano anabaki na kichaka kisichozaa na kisichoingilika.

Aina nazo zinatofautiana, na ni vema kujua uliyo nayo kabla ya kununua hata msumeno. Mwanzi unaopandwa sana kwenye nyumba za Afrika Mashariki ni ule mnene wa kijani, na ndugu yake wa njano mwenye michirizi ya kijani. Wataalamu huuita Bambusa vulgaris. Huota kwa mafungu, machipukizi yakikaa karibu na mama. Mwanzi wa porini wa nchi ya miombo, Oxytenanthera abyssinica, nao huota kwa mafungu. Ndio ambao ndugu zetu wa Iringa na Njombe hugema ulanzi kwenye machipukizi yake wakati wa masika. Ipo aina ya tatu, iliyotoka Asia ya mashariki, ambayo siku hizi huuzwa kwenye baadhi ya vitalu vya maua kwa kuwa ni myembamba na inapendeza. Hiyo hutambaa. Mizizi yake hukimbia chini kwa chini na kuchomoza mita kadhaa kutoka kwa mama. Nchini Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga sheria mwaka 2013 inayomkataza mtu kupanda mianzi inayotambaa karibu na mpaka wa jirani pasipo kizuizi cha kuidhibiti, kwa umbali wa futi 40, sawa na mita 12 hivi. Viwanja vyetu vingi havina hata mita 12 kutoka mlangoni hadi kwenye ua. Ukiona chipukizi limechomoza hatua tatu au nne kutoka kwenye kichaka bila kitu katikati, fahamu una mwanzi wa aina hiyo, na maelezo yanayofuata kuhusu mafungu hayakutoshi. Utahitaji kuchimba mtaro wa nusu mita na zaidi kuuzunguka, na kuukagua kila masika ukikata kila mzizi unaovuka.

Wakati wa kuingia kazini ni kiangazi. Mkoani Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Machipukizi hutoka ndani ya msimu huo wa mvua, na yakiwa machanga huvunjika kwa kuguswa tu na mguu. Anayeingia kichakani Januari huharibu mazao ya mwaka mzima bila kujua. Kuna sababu nyingine, isiyoonekana kwa macho. Mwanzi huhifadhi wanga ndani yake ili kulisha machipukizi, na kuanzia Agosti kuelekea mvua za kwanza wanga huo hujaa. Wadudu wanaobungua mianzi hufuata wanga. Mwanzi uliokatwa Juni au Julai, baada ya kumaliza kulea watoto wake, una wanga kidogo na hudumu. Uliokatwa Oktoba utauona baada ya miezi michache ukitoa unga mweupe kila ukiguswa.

Kwa watu wa mwambao huu, majira hayo yameangukia mahali pazuri. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi ya ziwa kupumzika ndiyo miezi ya mwanzi kukatwa. Mvuvi aliyekaa nyumbani ana mikono iliyozoea kamba na panga, na nyumba yenye kichaka kilichomshinda mama mjane wa mtaa ina kazi ya siku kadhaa na miti ya bure kama malipo. Ningependa kuona wenyeviti wa mitaa wakiwakutanisha watu hao wawili.

Kazi yenyewe haitaki nguvu nyingi. Inataka subira, na inataka watu wawili, kwa kuwa mtu mmoja akiwa peke yake ndani ya mianzi hana wa kumwita. Vaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu, mabuti ya mpira, glavu na miwani. Magamba yanayofunika mwanzi mchanga yana manyoya madogo ya kahawia yanayowasha ngozi vibaya, na yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Kabla ya kuingiza mkono, gonga kichaka kwa mti mrefu, simama, sikiliza, gonga tena. Nyoka anayepewa nafasi ya kuondoka kwa kawaida huondoka. Akitokea aliyeumwa, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe na apelekwe hospitalini mara moja, na kwa wakazi wa mji huu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Tazama juu kabla ya kutazama chini. Mwanzi mbichi umejaa maji na hupitisha umeme. Ule uliolalia waya si wa kukata wewe wala kibarua wako, hata kama umeshika msumeno wenye mpini wa mbao. Piga simu TANESCO wakate umeme au waje wenyewe, na kazi nyingine iendelee upande wa pili.

Anza kwa kusafisha shinani. Toa majani, magamba, takataka, chupa, na nguo kuukuu zilizotupwa humo miaka na miaka. Kisha chagua upande wako wa ndani, ule usioelekea kwa jirani, ufungue mlango hapo, ukiondoa kwanza iliyokufa. Mikavu hutambulika kwa rangi ya kijivu na kwa wepesi wake. Endelea hivyo kuelekea katikati, mpaka ukitazama kutoka juu kichaka kiwe na umbo la herufi U, mdomo wazi, ukuta wa mianzi hai ukiwa umezunguka pande tatu. Ule uwazi ndio njia yako ya kila mwaka, na ndio unaopitisha mwanga na hewa.

Ukimaliza wafu, waangalie wazee. Mwanzi wa mwaka huu bado una magamba kiunoni, umepakwa unga mweupe, rangi yake imekolea, na matawi ni machache au hayapo. Wa mwaka jana umevua magamba na umejaza matawi. Wa miaka mitatu na zaidi umefifia rangi, una madoa ya ukoga meupe na ya kijivu, na ukiugonga kwa mgongo wa kisu hulia kwa sauti kavu. Huo wa mwisho ndio wa kukata. Wenye shamba makini huweka alama ya rangi ya mafuta kila mwaka juu ya mianzi iliyochomoza msimu huo: nyekundu mwaka huu, nyeupe mwakani, bluu mwaka wa tatu. Kopo moja dogo la rangi litakuondolea kubahatisha kwa miaka mingi.

Mwanzi uliopinda una nguvu iliyofungiwa. Ukiukata kwa pigo moja hupasuka wima katikati na kuruka nyuma, na unaweza kumvunja mtu meno au taya. Ukate kwanza kidogo upande ule unaoelekea kuangukia, robo ya unene wake, kisha uzunguke umalizie upande wa nyuma, ukiwa umesimama ubavuni. Usipande juu yake, usiuvute kwa uzito wa mwili wako. Matawi yaliyosokotana juu yavutwe kwa ndoano iliyofungwa kwenye mti mrefu, moja moja.

Kata chini kabisa, kwenye pingili ya kwanza au ya pili kutoka ardhini, na msumeno upite juu tu ya fundo. Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiharakishe. Panga hukata mshazari na kuacha ncha inayoweza kupenya kandambili na unyayo wa mtoto. Na mkato unaopita katikati ya pingili huacha kikombe. Mvua ikinyesha kikombe kinajaa maji, na mbu anayeeneza homa ya dengi, Aedes aegypti, anapenda vyombo vidogo vya namna hiyo kuliko madimbwi makubwa. Kwa miaka mingi watafiti wa Afrika Mashariki wametumia vikombe vya mianzi kuwatega mbu wa jamii hiyo watage mayai humo. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Kisiki kilichokatwa juu ya fundo hakishiki maji, hakiozi haraka, na kinakugharimu sekunde chache tu za kusogeza msumeno. Vikombe vya zamani ambavyo huwezi kuvikata tena vijaze mchanga au vipasue ubavuni.

Kichaka kilichoachwa muda mrefu kisimalizwe kwa mwaka mmoja. Mikavu yote iondoke, lakini katika ile iliyo hai usizidishe theluthi moja kwa kiangazi kimoja. Majani ya iliyobaki ndiyo jiko la machipukizi yajayo. Ukimaliza, mwaga samadi na majivu shinani, pandishia udongo, na yale majani makavu uliyoyafagia yarudishe yawe matandazo. Baada ya viangazi vitatu utakuwa na kichaka unachoweza kupita katikati yake ukiwa umebeba ndoo.

Upande wa jirani kazi yake ni ya masika. Chipukizi linalochomoza kuelekea ukuta wake livunje likiwa fupi kuliko goti, kwa mguu au kwa jembe. Likiwa changa huvunjika bila taabu, na kwa kufanya hivyo kila mwaka utakielekeza kichaka upande unaoutaka. Machipukizi hayo huliwa katika nchi nyingi za Asia, ila yana chembechembe zinazotoa sayanaidi, jamaa ya ile iliyo katika mihogo michungu, kwa hiyo asiyejua kuyamenya na kuyachemsha vizuri asiyajaribu.

Baada ya siku ya kwanza utakuwa na lundo kubwa kuliko ulivyotarajia, na hapa wengi hurudia kosa la kale. Mwanzi wa kijani na ule wa njano hauzai mbegu. Ni nadra hata kutoa maua. Kila kichaka kilichopo kilitokana na kipande kilichochomekwa ardhini. Vipande vibichi ukivitupa bondeni au kwenye mfereji vitashika mizizi, na miaka kumi baadaye mtaa wa chini utakuwa na mianzi ambayo hakuna aliyeipanda. Nguzo mbichi za ua nazo huota. Zianike kwanza mpaka zikauke.

Kilichobaki ni mali. Mji huu unaishi kwa dagaa, na dagaa walioanikwa kwenye chanja zilizoinuliwa kutoka ardhini ni safi kuliko waliotandazwa mchangani. Chanja inahitaji nguzo na fito, na mwanzi mkavu hutoa vyote viwili. Mnene hupasuliwa ukawa ngazi, ua, banda la kuku, kichanja cha vyombo. Mwembamba husimamishia nyanya na maharage ya kutambaa. Mwenye mikono ya ufundi husuka matenga na nyungo. Matawi na vipande vibovu ni kuni nzuri, mradi kila pingili ipasuliwe kabla ya kuingia jikoni, la sivyo italipuka usoni mwa mpishi.

Mwanzi utakaotumika ujenzini utunzwe kwanza. Wazee waliuloweka majini wiki kadhaa ili utamu uliomo utoke, na njia hiyo bado inafaa. Ila maji hayo hunuka vibaya, kwa hiyo ifanyikie kwenye shimo au pipa, wala si pale watu wanapochota maji. Njia ya kisasa ni kuyeyusha boraksi na asidi ya boriki, kwa pamoja kilo 5 hivi katika lita 100 za maji, kutoboa mafundo ya ndani kwa nondo ndefu, na kuzamisha mianzi wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo isimamishwe kivulini hadi ikauke, miguu ikiwa juu ya mawe ili mchwa wasifike. Unayetaka kusafirisha mzigo kuuza nje ya mtaa, pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataja mianzi miongoni mwa mazao ya misitu.

Wapo wenye sababu ya kweli ya kuung'oa wote: nyumba inajengwa, au shimo la choo limeshaanza kuingiliwa. Hilo nalo linawezekana bila sumu. Kata kila kitu chini kabisa wakati wa kiangazi. Mashina ya chini ya ardhi, mengi yakiwa ndani ya nusu mita ya juu, hutolewa kwa sururu na mtarimbo, kipande kwa kipande. Usipokuwa na nguvu za kuchimba, subiri mvua na uvunje kila chipukizi kabla halijatoa majani, msimu mzima, na msimu unaofuata tena. Shina lisilopata jani halipati chakula, na akiba yake huisha. Jirani akishafika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujaanza, mwoneshe kazi uliyokwishaipanga. Shauri likifika Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi ya baraza katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, na usuluhishi ni rahisi kwa mtu mwenye msumeno mkononi.

Kabla ya kuung'oa, hata hivyo, tazama umesimama wapi. Kama ni kwenye mteremko au ukingo wa korongo, ile mizizi iliyosukana ndiyo inayoushikilia udongo wako. Milima inayopakana na ziwa, kutoka Hifadhi ya Gombe kushuka kusini, imeshaonesha kinachotokea miti ikiisha: mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ililazimika kuanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, kwa sababu misitu ilikuwa imekwisha na udongo unashuka na mvua. Mbele zaidi kusini, Mahale, mianzi imesimama yenyewe mlimani. Mtu mwenye kichaka kwenye ukingo wa korongo anayo tiba ambayo wengine wanaitafutia fedha za wafadhili. Apunguze, avune, aache mashina.

Linanisikitisha kwamba tunauona mwanzi kuwa kero wakati Tanzania ni miongoni mwa nchi tisa zilizoasisi shirika la kimataifa la mianzi, INBAR, mwaka 1997, pamoja na Uchina, Indonesia, Ufilipino na nyinginezo. Wenzetu hao wamejenga viwanda juu ya mmea uleule unaotuinamia uani. Sisi hatuna haja ya kungoja kiwanda. Manispaa ingeanza na jambo dogo: bwana miti mmoja, misumeno michache, na siku moja ya mafunzo kwa kila kata kila Juni, ikifanyika kwenye kichaka halisi cha mkazi wa hapo, ili majirani waone kwa macho tofauti ya mkongwe na mchanga.

Na wewe mwenye kichaka, kiangazi ni kifupi. Jumamosi hii tafuta msumeno na mtu wa kukusaidia, toa mikavu upande wa ndani, fungua mlango. Mvua zitarudi Oktoba, na zikisharudi itabidi ungoje mpaka Juni ijayo.